Koti la mvua linapitisha maji? Kabla hujalitupa, tafuta kwanza ni wapi pamechoka

Msimu wa mvua ukianza tu maneno ni yale yale. Mtu anakwambia jaketi nilinunua kwa hela ya maana, limeandikwa wotapruf, mwaka wa kwanza lilikuwa poa kabisa, sasa hivi nikitembea nusu saa mvuani natoka nimelowa kama vile sikuvaa kitu. Mwingine analia na hema, mwingine begi la mgongoni, mwingine buti za kupandia mlima. Halafu anza kusikiliza ushauri anaopewa, huyu anamwambia sugua nta ya mshumaa, yule anasema pulizia silikoni, wa tatu anaapa kwamba ukishalifua jaketi la mvua mara moja tu basi limekufa, kanunue lingine. Wote wametoa dawa na hakuna hata mmoja aliyeuliza maji yanapita wapi.

Mimi hema moja nimeliua kwa ushauri wa namna hiyo, nitakusimulia hapo chini, kwa hiyo hapa naandika nikiwa na machungu yangu kidogo.

Tuanze na maneno maana hapa ndo watu wanachanganyikiwa. Kuna kitu kinachostahimili maji na kuna kitu kinachozuia maji. Kinachostahimili ni kile ambacho manyunyu hayakisumbui, kitambaa kimefumwa kwa kubana au kimepakwa dawa juu, lakini mvua ikikaza maji yanapenya. Kinachozuia, yaani wotapruf yenyewe, kina tabaka ambalo maji hayapiti hata yakisukumwa kwa nguvu. Na hiyo nguvu inapimwa. Wanakibana kitambaa chini ya bomba lililosimama wima, wanaongeza maji polepole mpaka matone yatokeze upande wa pili, alafu wanaandika kimo cha maji kwa milimita (siku hizi mashine inasukuma kwa presha lakini hesabu ni ile ile). Kwa hiyo ukiona hema limeandikwa 3000 maana yake kitambaa chake kilibeba maji ya kimo cha mita 3 kabla hakijasalimu amri, na majaketi mengi mazuri yanakuwa kati ya 10,000 na 20,000.

Utasema sasa mvua gani ina presha hiyo? Mvua yenyewe haina, ila goti lako lina. Ukipiga goti kwenye tope, ukikaa juu ya nyasi zilizolowa, mkanda wa begi zito ukikukandamiza bega, hapo maji yanasukumwa kwa nguvu nyingi kuliko tone linalodondoka kutoka angani, na ndiyo maana sakafu ya hema mara nyingi inapewa namba kubwa kuliko paa lake. Halafu shika na hili, namba ya kwenye lebo ni ya kitambaa kipya kisicho na mshono hata mmoja, na jaketi lako lina mishono kibao na lina miaka mitano.

Sasa fikiria nyumba ya bati. Paa lina mteremko ili maji yasikae, lina bati lenyewe ambalo ndo linazuia, na lina matundu ya misumari ambayo lazima yazibwe kwa raba au lami la sivyo utaweka ndoo sebuleni. Jaketi liko hivyo hivyo. Mteremko ni dawa iliyopakwa upande wa nje wa kitambaa ili maji yabingirike na kuondoka. Bati ni utando au mpako ulioko ndani. Matundu ya misumari ni mishono, maana kila sindano ilipopita imeacha tundu, na matundu hayo yamezibwa kwa utepe uliobandikwa kwa ndani, ile mistari unayoiona ukiligeuza jaketi. Vitu vitatu, kila kimoja kinachoka kwa njia yake na kina matibabu yake, na ukipeleka dawa ya mteremko kwenye tundu la msumari utahangaika mpaka kesho.

Tuanze na mteremko kwa sababu ndo unaochoka mapema na ndo unaosingiziwa mambo mengi. Umewahi kuona tone la maji juu ya jani la gimbi? Linakuwa duara kama gololi, ukiliinamisha jani tone linakimbia na jani linabaki kavu. Jaketi jipya linafanya vile vile kwa sababu ya ile dawa. Sasa ikifunikwa na vumbi, jasho, mafuta ya ngozi, mabaki ya sabuni, ama ikisuguliwa kila siku na mikanda ya begi, tone linaacha kuwa duara, linalala, linasambaa, na kitambaa cha nje kinaanza kunywa maji. Utaliona jaketi limekolea rangi mabegani na kwenye viwiko na limekuwa zito. Mtu anaweka mkono ndani anakuta unyevu, basi, hukumu imeshatoka kwamba linavuja.

Mara nyingi halivuji. Na hapa lazima nikueleze kuhusu utando ndo utaelewa. Mwaka 1969 jamaa mmoja Mmarekani, Bob Gore, aliivuta kwa ghafla fimbo ya plastiki iliyopashwa moto inayoitwa PTFE, ndiyo ile ile inayowekwa kwenye vikaango visivyogandisha chakula, na badala ya kukatika ikarefuka na kujaa vitundu vidogo sana. Kufikia 1976 kitambaa cha Gore-Tex kikawa sokoni. Vitundu vyake tone la maji halipiti lakini mvuke wa jasho unapita, ni kama chandarua tu, mbu anabaki nje na upepo unaingia. Kuna utando mwingine wa poliurethani (plastiki nyingine, yenye umpira mpira) ambao hauna vitundu kabisa, unanyonya mvuke upande wa ndani na kuutoa nje, lakini kwako wewe mvaaji matokeo yanafanana.

Haya, kitambaa cha nje kikishalowa ni kama mtu ametandika blanketi bichi juu ya chandarua. Mvuke wa jasho hauna pa kutokea, na lile blanketi limeshakuwa la baridi, kwa hiyo mvuke ukiligusa jaketi kwa ndani unageuka matone, kama unavyoona chini ya kifuniko cha sufuria. Maji uliyoyakuta ndani ni jasho lako mwenyewe. Utando ni mzima, mteremko ndo umekufa.

Unajuaje? Tandaza jaketi upande wa nje ukiwa juu, libonyeze sehemu moja isiyo na mshono liwe kama bakuli, chini yake weka tishu kavu, mimina nusu glasi ya maji, kisha nenda kafanye kazi zako kwa nusu saa. Ukirudi ukakuta kitambaa cha juu kimekunywa maji lakini tishu ni kavu, jua tatizo ni dawa ya nje tu. Tishu ikilowa basi utando au mpako wenyewe umetoboka au umechakaa. Rudia jaribio hilo hilo juu ya mshono, tishu ikipata mstari wa maji umempata mhalifu. Jaribio dogo tu hilo linakuokolea hela nyingi sana, na sijui kwa nini hakuna anayelifanya.

Kama ni mteremko, dawa ya kwanza ni kufua. Ndio, kufua. Ile habari kwamba jaketi la mvua halifuliwi imewafanya watu watembee na majaketi yenye jasho la miaka minne shingoni halafu wanashangaa. Kinachoua ni jinsi unavyofua. Soma lebo kwanza, funga zipu zote na velkro, tumia sabuni ya maji kidogo tu, ile maalumu ya nguo za mvua kama unayo, kama huna basi sabuni laini isiyo na marashi mengi, maji ya uvuguvugu, kisha suuza. Ukimaliza kusuuza, suuza tena. Povu likibaki kwenye kitambaa linavuta maji badala ya kuyafukuza, na utakuwa umefanya kazi bure. Softena ndo usiiguse kabisa, inaacha tabaka laini juu ya kitambaa linaloua ile dawa, na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe pia hapana.

Baada ya hapo joto. Chembe za ile dawa zikitumika zinalala kama nyasi zilizokanyagwa, ukizipa joto zinasimama tena. Kama una mashine ya kukaushia, joto la chini dakika kama 20 baada ya jaketi kukauka. Kama huna, pasi inatosha, ila weka joto dogo kabisa, zima mvuke, na tandika kitambaa cha pamba katikati ya pasi na jaketi, maana nailoni haina utani, sekunde chache tu imeshajikunja na kushikana na pasi. Kisha dondoshea maji. Mimi lile jaketi langu la bluu nililokuwa nimeshampa mdogo wangu alivalie kuoshea gari, nilipolifua na kulipiga pasi tone la kwanza lilikaa begani likatetemeka kidogo, likashuka mpaka kwenye mkono likadondoka sakafuni na pale lilipopita pakabaki pakavu, nikamwambia bwana mdogo samahani naomba jaketi langu.

Ikishindikana hapo ndipo unanunua dawa mpya. Kuna ya kupuliza na kuna ya kufulia. Mimi napendelea ya kupuliza kwa jaketi lenye bitana, sababu ile ya kufulia inaenda mpaka ndani ambako unataka jasho linyonywe. Unapuliza jaketi likiwa safi na bado bichi, unafuta yanayochuruzika, unakausha, na kama dawa yako ni kati ya zile nyingi zinazohitaji joto (chupa itakwambia) unalipasha jaketi joto.

Kwa pembeni kidogo, usishangae jaketi jipya likachoka haraka kuliko la zamani. Zile dawa za zamani zilikuwa na kemikali za jamii ya PFAS, ambazo zinafukuza maji na mafuta pia, lakini haziozi, zinabaki kwenye maji na udongo miaka na miaka, kwa hiyo zinaondolewa. California ilianza kuzipiga marufuku kwenye nguo mwaka 2025 na kuzipa nguo za mvua kali muda mpaka 2028, na Ufaransa marufuku yake kwenye nguo imeanza 2026. Dawa mpya zinafukuza maji vizuri ila mafuta ya ngozi na ya kujipaka yanazishinda, maana yake unafua mara nyingi zaidi. Kubali tu.

Sasa misumari, yaani mishono. Geuza jaketi au hema nje ndani na pitisha kidole juu ya ule utepe taratibu, hasa shingoni, mabegani, kwenye kona za hema na pale kamba zinaposhonewa. Sehemu iliyoachia utaisikia, inanyanyuka kama ngozi iliyoungua jua. Kama imenyanyuka kidogo na gundi yake bado ipo, futa kwa spiriti ile ya kusafishia vidonda, acha ikauke, tandika kitambaa na ibonyeze kwa pasi ya joto dogo. Kama utepe umekauka na unabanduka wenyewe mrefu mrefu, utoe wote, usiwe na huruma, safisha mabaki kwa spiriti na upake gundi ya mishono kwa brashi ndogo, tabaka jembamba. Jembamba! Watu wanamimina kama wanaziba bomba halafu gundi inapasuka ikikunjwa.

Na hapa ndo penye mtego ulioniulia hema. Vitambaa vya hema na mabegi viko vya aina mbili kubwa, vilivyopakwa poliurethani na vilivyopakwa silikoni. Kanuni ni moja na haina mjadala, juu ya silikoni hakishiki kitu isipokuwa silikoni, na silikoni nayo haishiki vizuri juu ya poliurethani. Hema langu lilikuwa la poliurethani. Nilitoka nalo safari na mvua, nikalikunja bichi bichi kwa uvivu, nikalitupa juu ya kabati miezi minane. Siku nafungua begi harufu iliyotoka ni ya matapishi, sikuzidishii, nilidhani panya amefia mle. Nilivyoanza kulikunjua likawa linalia kraa kraa kama unabandua tepu kwenye boksi, sakafu yote inanata mkononi, na sehemu nyingine mpako unapukutika mweupe kama mba. Jamaa akanishauri nipulizie silikoni, nikapuliza kopo zima. Wiki moja baadaye silikoni ilikuwa imebanduka kama ngozi ya nyoka, ule mpako wa zamani bado unanata, na sasa hata ile gundi sahihi ya poliurethani ikawa haikubali kushika juu ya mabaki ya silikoni. Kwisha habari.

Nilichojifunza ni kwamba poliurethani ikikaa na unyevu na joto kwa muda mrefu, maji yanaikatakata kidogo kidogo kutoka ndani, ndo inakuwa laini, inanata na kunuka. Hema linaweza kufia kwenye begi bila kupigwa na mvua hata siku moja. Ukikuta ni sehemu ndogo tu imeanza, unaweza kuokoa: sugua kwa spiriti na sponji yenye upande mkwaruzo mpaka kinachonata na kinachopukutika kiishe, acha ikauke kabisa, paka mpako mpya wa poliurethani kwa brashi, acha siku nzima. Kama ni hema zima, kwa maoni yangu achana nalo, utatumia siku mbili na chupa nyingi za dawa na bado halitakuwa zuri. Na kuanzia leo ukitoka safari lianike likauke kivulini, hata mishono, kisha lihifadhi limelegea sehemu kavu, sio kulibana kwenye kile kimfuko.

Kutofautisha hizo aina mbili sio ngumu. La silikoni linateleza sana pande zote mbili, tepu ya kawaida ukiibandika inadondoka yenyewe, na mara nyingi mishono yake haina utepe kutoka kiwandani kwa sababu utepe haushiki. La poliurethani nje ni kitambaa cha kawaida na ndani kuna ung'avu wa kimpira mpira. Ukiwa bado na shaka dondoshea gundi tone moja kwenye kona isiyoonekana, ngoja ikauke, jaribu kuibandua kwa kucha. Ikitoka nzima nzima hiyo sio gundi yake.

Kwa mishono ya hema la silikoni dawa ya nyumbani ipo na ni rahisi, chukua silikoni halisi ya tyubu inayozibia madirisha na masinki, hakikisha imeandikwa asilimia 100 silikoni, changanya na tapentaini ya rangi za mafuta mpaka iwe nyepesi ya kupakika kwa brashi, paka juu ya mshono na ufute inayozidi. Fanyia nje penye upepo, mbali na moto na sigara, maana ile tapentaini inawaka. Ikikauka kesho yake nyunyiza poda kidogo ili hema lisishikane likikunjwa.

Matundu na michaniko ni kazi nyepesi. Safisha kwa spiriti, kata kiraka chenye kona za mviringo (kona kali ndo zinaanza kunyanyuka), kizidi tundu kwa sentimita 2 na nusu hivi kila upande, bandika, kandamiza kwa mgongo wa kijiko, na kama unaweza weka kingine kwa ndani. Ile tepu ya kijivu ya mafundi ni sawa ukiwa porini usiku na mvua inapiga, ila ukifika nyumbani itoe, ikipigwa jua gundi yake inayeyuka na kuacha ulimbo ambao ni kazi kuutoa.

Sasa nta ya mshumaa. Nta ina historia yake nzuri tu, mabaharia walikuwa wanapaka matanga mafuta, na nguo za pamba zenye nta zipo mpaka leo na zinatakiwa zipakwe upya kila zikikauka. Hizo ndo hazifuliwi kwa sabuni wala maji ya moto, unazifuta kwa sponji na maji baridi. Kwa turubai la pamba au kofia, nta sawa kabisa. Ila ukiisugua kwenye jaketi lenye utando umeziba chandarua kwa saruji, maji hayataingia na wewe utachemka humo ndani.

Buti nazo zina kisa chao. Nyingi zina soksi ya utando iliyoshonewa ndani, kwa hiyo kupaka mafuta ngozi ya nje kunasaidia isinywe maji, lakini soksi ikitoboka hakuna namna ya kuifikia. Kujua, jaza tishu ndani, isimamishe buti kwenye beseni la maji yasiyofika kwenye kamba, kaa dakika 15, kisha toa tishu moja moja ukiangalia iliyolowa ilikuwa wapi. Ikiwa ni ufa kati ya soli na ngozi, gundi inayokunjika ya poliurethani inaziba. Na tafadhali usizikaushe pembeni ya moto, ngozi inapasuka na gundi ya soli inaachia. Jaza magazeti, badilisha yakilowa.

Kuna jaketi lisilotibika. Ukiona ndani kuna malengelenge, utando umeachana na kitambaa na umefura kama ngozi iliyoungua moto, hakuna gundi wala pasi ya nyumbani itakayorudisha, na kama bado lina waranti usilipake chochote, lirudishe kama lilivyo. Langu la kijani lilifika hapo mwaka jana. Nimelikata, kipande cha mgongo kilichokuwa kizima ndo viraka vya begi, vivuta zipu vyake viko kwenye jaketi la bluu, na mkono mmoja naufunga mdomo kwa kamba nabebea buti zenye tope.